Sari ya Bega la Kushoto: Kisa cha Mke wa Nyumba ya Jorasanko

Nilifungwa sari kwa mara ya kwanza Upanga, Dar es Salaam, siku ya harusi ya jirani yetu. Aliyenifunga ni bibi yake bibi harusi, Mgujarati, mzaliwa wa hapa hapa mjini. Alinizungushia kitambaa kiunoni, akakunja marinda kwa vidole vya mkono mmoja, akayachomeka kwenye gagulo, halafu ile ncha yenye pindo zito akaipitisha mgongoni na kuileta mbele juu ya bega la kulia, ikanitandaa kifuani. Nikajiona nimependeza. Mjukuu wake akaingia, akanitazama, akasema, "Ba, hiyo ya kizamani. Mfunge ya kiasili." Akafungua pini mwenyewe, akaihamishia ile ncha bega la kushoto, ikaangukia nyuma kama ya wanawake tunaowaona kwenye filamu. Ba hakujibu. Alipokea zile pini, akasimama nazo mkononi.

Maneno yale yamenikaa miaka mingi. Ya bibi ni ya kizamani, ya mjukuu ni ya asili, na zote mbili ni sari ile ile, meta tano na nusu za kitambaa. Nilipokuja kusoma habari za mavazi ya India ndipo nilipoona kwamba hiyo ya bega la kushoto, pamoja na blauzi na gagulo lake, ina safari ndefu, na kituo kikubwa cha safari hiyo ni mwaka 1864, katika maisha ya msichana wa miaka 14 aliyekosa nguo ya kutokea nyumbani. Anaitwa Jnanadanandini Devi. Nakieleza kisa chake kwa urefu kwa sababu sijaona kingine kinachoonyesha wazi hivi jinsi mwanamke anavyohukumiwa kwa nguo, na jinsi nguo inavyosingiziwa makosa yasiyo yake.

Nyumba

Alizaliwa mwaka 1850 katika kijiji cha wilaya ya Jessore, ambako leo ni Bangladesh. Akiwa na miaka saba au minane hivi aliozwa Kolkata, katika nyumba kubwa ya akina Tagore mtaa wa Jorasanko. Mume wake, Satyendranath, alikuwa kijana wa miaka 15. Bavyaa yake, Debendranath, alikuwa kiongozi wa Brahmo Samaj, jumuiya ya Wahindu waliotaka kuiondolea dini yao ibada za masanamu. Shemeji yake mdogo, Rabindranath, yule mshairi ambaye dunia ilimjua baadaye, alikuwa hajazaliwa.

Msomaji wa pwani atauelewa utaratibu wa nyumba ile bila kuelezwa sana, maana tulikuwa na neno lake: wanawake walitawishwa. Walikaa upande wa ndani, wanaume wakakaa upande wa nje, na mwanamume asiye wa nyumba hakuvuka. Hata mavyaa wa nyumba alipotaka kuoga katika mto Ganga, alipandishwa kwenye machela iliyofunikwa, wapagazi wakaibeba hadi mtoni, wakaichovya majini naye yumo ndani, wakamrudisha.

Katika maisha kama hayo, mavazi ya mwanamke wa Kibengali wa tabaka la juu yalikuwa sari moja tu. Hakuna blauzi, hakuna gagulo, hakuna viatu. Kitambaa chenyewe mara nyingi kilikuwa melimeli laini, ambayo ukiikunja mara mbili bado unaona mkono uliomo ndani. Hapakuwa na aibu yoyote. Ukuta ndio ulikuwa stara yake, na sari ilikuwa nguo ya ndani ya ukuta. Jambo hili ni la kushika vizuri, maana wengi wanaousimulia mfungo ule leo huuita utupu. Mwanamke yule alikuwa amejisitiri kuliko sote. Sehemu kubwa ya nguo yake ilikuwa ya matofali.

Mume aliuchukia ukuta ule tangu ujana. Alikuwa na rafiki, Manmohan Ghose, aliyetamani kumwona shemeji yake. Usiku mmoja Satyendranath alimpitisha ndani kwa siri, wakitembea kwa hatua zinazolingana ili anayesikia adhani ni mtu mmoja. Akamwingiza chandaruani. Mke, mtoto bado, ameketi upande mmoja amejifunika uso. Rafiki upande wa pili, kimya. Hakuna aliyejua la kusema. Baada ya kitambo akamtoa kwa hatua zile zile. Jnanadanandini aliyasimulia haya mwenyewe akiwa mzee, na kila nikiyakumbuka naona chandarua kile kuliko mambo mengi niliyoyasoma kwenye vitabu vikubwa vya historia. Vijana wawili watakaokuja kuwa watu wazito nchini wanavunja sheria usiku wa manane, na kilichovunjwa ni kuketi karibu na mwanamke.

Mama yake Satyendranath hakuwa na subira na mawazo hayo. Alimuuliza mwanawe kama anataka kuwachukua wanawake wa nyumba yake akawatembeze kwenye uwanja wa ngome, ule mbuga mkubwa wa katikati ya Kolkata, kama wanavyofanya wake wa Kizungu. Lilikuwa swali la kumkomesha.

Kilichoamuliwa Bombay

Satyendranath alikwenda Uingereza mwaka 1862, akafaulu mtihani wa utumishi wa serikali mwaka 1863, Mhindi wa kwanza kuufaulu. Kutoka huko alimwandikia mkewe barua za kumtia moyo, akamwomba baba amruhusu mke amfuate, baba akakataa. Aliporudi mwaka 1864 alipangiwa kazi Bombay, Mumbai ya leo, upande wa pili wa nchi, na safari hii ruhusa ikatoka: mke aende na mume.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Avae nini? Sari moja ya melimeli isiyo na kitu chini yake haiwezi kupanda meli, kuketi na wageni, kushuka bandarini mbele ya makuli. Walimtafuta fundi wa Kifaransa pale Kolkata, akaambiwa ashone kitu cha Kimashariki. Fundi akashona alichokidhania ni cha Kimashariki. Vazi lenyewe likawa na mafundo na vipande vingi mno hata binti hakuweza kulivaa peke yake, mume alilazimika kumsaidia kila mara. Na baada ya taabu yote hiyo, siku ya safari hakuruhusiwa kutembea hatua chache kutoka mlangoni hadi kwenye gari la farasi. Debendranath alishikilia kwamba mke wa nyumba ile hapiti mbele ya watumishi kwa miguu. Akabebwa kwa machela hadi melini, na gauni lake la Kifaransa ndani ya pazia.

Bombay walifikia kwa Manockjee Cursetjee, Mparsi, wa jamii iliyotoka Uajemi zamani ikakaa Gujarat, aliyejulikana kwa kupigania elimu ya wasichana, mwenye binti wasomi waliokaa mezani na wageni. Wanawake wa Kiparsi walivaa sari juu ya blauzi, wakatupia ncha bega la kulia, kama Wagujarati wenzao, kama Ba wa Upanga. Wakatembea nayo mjini. Jnanadanandini aliwatazama, akalitupa lile gauni, akajifunza mfungo wao, kisha akaubadili.

Alikuwa na njia nne mbele yake, na tukiziangalia moja moja tutauona uzito wa alichokichagua. Angeweza kuvaa gauni la Kizungu kamili, na wapo wanawake wa India wa wakati ule waliovaa. Angeweza kufuata suruali na kanzu za mabibi wa Kiislamu wa kaskazini. Angeweza kubaki na dude la Mfaransa. Au angerudi ndani, akamwacha mume aende kazini peke yake kama walivyofanya wake wa maofisa wengi. Njia tatu za mwanzo zingempa nguo na kumwondolea ukwao: watu wangemwona amehama kabila. Ya nne ingemwachia ukwao na kumnyima mlango. Alichokifanya ni kuchukua sari, ambayo hakuna wa kusema si yake, na kuijengea chini: shumizi, blauzi, gagulo, soksi na viatu. Kisha ncha akaihamishia kushoto, ili mkono wa kulia ubaki huru. Mkono wa kulia ndio wa kula, wa kuandika, wa kupokea na kutoa. Binti wa miaka 14 au 15 ndiye aliyeiona hesabu hiyo, na fundi aliyelipwa hakuiona.

Mifungo ya kutupia kushoto ilikuwapo kusini na magharibi mwa India zamani, na blauzi pia. Sari ya leo imepita mikono mingi baada ya yake. Lakini huko Bengal mfungo mzima wa mwanamke anayetoka mlangoni ulianza kuonekana kwake, na watu wakauita wa Kibombay.

Ukitaka ushahidi mwingine sikiliza majina. Kihindi na Kibengali mara nyingi vinasema blauzi na petikoti kwa maneno yaliyotoka Kiingereza, kama sisi. Lugha haikuwa na haraka ya kuvipa majina ya kwao, maana viliingia vikiwa vigeni. Leo ukimwambia mtu sari bila blauzi, atakwambia huo si utamaduni wa Kihindi.

Hukumu

Walirudi Kolkata likizo mwaka 1866. Aliposhuka garini mbele ya nyumba, kwa miguu yake, machoni pa watu wote, ndani mlizuka huzuni kama ya msiba. Wifi yake Swarnakumari, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mwenye jina, ameeleza kwamba huzuni iliyoikumba nyumba siku ile haielezeki. Baadhi ya wanawake wa ndani walisita hata kula naye. Nimejaribu kujiweka mahali pake. Umeondoka kwenu ukiwa ndani ya pazia, umerudi umefunikwa zaidi kuliko ulivyoondoka, kifua, miguu na nyayo, na wanakulilia kwamba umevuliwa stara.

Kisha ikaja hafla ya Gavana Mkuu, Lord Lawrence, kwenye ikulu ya Kolkata. Jnanadanandini alihudhuria. Mke wa Kibengali wa nyumba yenye heshima katika ukumbi uliojaa wanaume lilikuwa jambo lisilowahi kuonekana, hata wengi waliokuwapo walidhani ni Begum wa Bhopal, mtawala mwanamke, kwa sababu ndiye pekee wa India waliyezoea kumwona hadharani. Prasanna Kumar Tagore, mzee wa tawi jingine la ukoo ule ule, mwanasheria na mtu wa mabaraza, alipogundua kwamba yule ni mke wa nyumba yao, aliondoka ukumbini kwa aibu.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana kisa chote kipo hapa. Mzee yule alikasirikia nini? Si kipande cha mwili, maana hapakuwa na kilichoonekana. Si vazi la kigeni, maana ilikuwa sari. Na wageni walipomdhania kuwa ni malkia wa Bhopal hakuna aliyetoka. Nguo ni zile zile, mwili ni ule ule, ukumbi ni ule ule. Kilichobadilika ni kujua ni mke wa nani. Basi sidhani kama kulikuwa na shitaka la nguo hata kidogo. Shitaka lilikuwa la kuvuka kizingiti, na nguo ikabebeshwa kwa kuwa ndiyo inayoonekana na ndiyo rahisi kuitolea maneno.

Kwa anayedhani hili ni la Kolkata peke yake, atazame kusini kabisa ya India wakati huo huo. Katika ufalme wa Travancore wanawake wa Nadar, watu wa kugema mivumo, walikatazwa kufunika kifua mbele ya tabaka za juu. Kifua wazi kilihesabiwa kuwa salamu ya heshima. Walioanza kuvaa, wengi wao wakiwa wamebatizwa Ukristo, walipigwa na kuchaniwa nguo hadharani, katika ghasia zilizorudi tena na tena kuanzia mwaka 1822. Tarehe 26 Julai 1859 mfalme alitoa tangazo la kuwaruhusu, kwa sharti: wasijifunike kwa mtindo wa wanawake wa tabaka la juu. Wavae koti kama Wakristo, au wajifunge kitambaa kigumu kama wake wa wavuvi. Miaka mitano tu inalitenga tangazo hilo na safari ya Bombay. Kule mwanamke anapigwa kwa kujifunika, huku analiliwa kwa kujifunika. Unguja nasi tunayo yetu: baada ya utumwa kufutwa mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivalishwa kaniki walijinunulia kanga na baadaye buibui, na kila aliyewaona alijua nguo ile inasema nini.

Alichokifanya Jnanadanandini baada ya ile hafla ndicho kinachonifanya nimpende. Hakujificha, wala hakuingia kwenye malumbano. Alitoa tangazo katika gazeti la wanawake la Kibengali, Bamabodhini Patrika, kwamba yeyote anayetaka kujifunza mfungo ule aende kwake amfundishe. Wakaenda, hasa wake wa Wabrahmo. Mwaka 1877 alipanda meli kwenda Uingereza akiwa mjamzito, na watoto watatu, bila mume. Huko alifiwa na mtoto. Mume alimfuata mwaka uliofuata, akiwa na Rabindranath kijana.

Ninalomdai

Nampenda, lakini kuna deni. Mfungo wake ulihitaji fundi cherehani, blauzi za kubadilisha, viatu, pini ya begani. Ulikuwa wa wenye nacho. Kadiri ulivyoenea ndivyo ulivyogeuka kuwa kipimo: mwenye blauzi ni bibi mstaarabu, asiye nayo ni mshamba. Mwanamke wa kijijini aliyepandikiza mpunga amejitanda sari moja, kama mama yake na bibi yake, akajikuta ghafla yu uchi bila kuvua kitu. Mjane wa Kihindu naye aliendelea kufungwa shuka jeupe lisilo na pindo. Binti wa Jorasanko alifungua mlango mmoja, na wengine wakautumia kuwafungia wenzao. Sidhani alikusudia. Ila mchambuzi wa kisa hana ruhusa ya kuyaacha matokeo kwa kuwa yanamuuma.

Na kipimo kile kimeendelea kuhama mikono. Machi 2021 Waziri Kiongozi wa jimbo la Uttarakhand, Tirath Singh Rawat, alieleza hadharani habari za mama aliyekutana naye kwenye ndege, amevaa jinzi zilizochanika magotini na watoto wake yuko nao, akauliza mama kama huyo atawafunza watoto maadili gani. Wanawake nchi nzima wakajibu kwa kuweka mtandaoni picha za magoti yao. Septemba ya mwaka ule ule, mgahawa mmoja wa Delhi ulimzuia mgeni aliyevaa sari, na mfanyakazi akasikika kwenye video akisema kwamba sari haihesabiwi katika mavazi nadhifu wanayoyakubali. Miezi sita inayatenga. Aliyeacha sari hana maadili, aliyeivaa hana hadhi.

Yule mjukuu wa Upanga simlaumu. Alikuwa na miaka kumi na minane, na hakuna aliyemwambia kwamba bega la kulia lilikuwapo Bombay kabla ya la kushoto kufika Kolkata. Ningependa tu siku ile ningejua la kumwambia Ba.

Kuhusu lile swali la mavyaa, la kuwatembeza wanawake kwenye uwanja wa ngome, mwisho wake ni huu. Satyendranath alikuwa na mdogo wake, Jyotirindranath, ambaye mwanzoni hakukubaliana naye, hata akaandika mchezo wa kuwacheka wanaotaka wanawake watoke. Akabadilika kwa kuishi kwa kaka na shemeji yake na kuona wanavyoishi. Mke wake, Kadambari, aliingia Jorasanko mwaka 1868 akiwa na miaka tisa. Alipokua mumewe alimfundisha kupanda farasi. Wakawa wanatoka wote wawili, kila mtu juu ya farasi wake, wanapita barabara ya Chitpur yenye maduka na baraza zake, majirani wameshangaa, hadi kwenye uwanja ule wa ngome, wakifika wanawaachia farasi hatamu wakimbie.